Kuona chui-milia huko India: namna ya kupanga safari ya Ranthambore

Kila mwaka kuko wakaaji wa Kivu, Ituri na Tanganyika wenye wanafunga safari ya India. Wamoja wanaenda kutunzwa hospitali, wengine wanasindikiza mugonjwa, na vijana wanaenda kusoma. Mara nyingi mugonjwa anaambiwa angojee matokeo ya vipimo, na yule aliyemusindikiza anabakia na siku tatu ao ine za bure mu Delhi, bila kazi, anazunguka tu karibu na otele. Hapo ndipo ulizo linakuja: ni kweli kwamba huku mutu anaweza kuona tigre kwa macho yake?

Ni kweli, na haiombe kuwa tajiri. Lakini inaomba kupanga mapema, juu wenye wanafika bila kupanga wanarudia wameona swala na nyani tu, na feza imeisha.

Tuanze na jina. Huku kwetu watu wengi wakisema "tigre" wanataka kusema chui, yule mwenye madoa anayeiba mbuzi. Tigre wa kweli, ao chui-milia, hayuko Afrika hata moja, isipokuwa ndani ya kizimba. Ni munyama wa Asia, rangi ya machungwa na milia nyeusi, na dume kubwa linaweza kupita kilo 200. India njo inchi yenye chui-milia wengi kupita zote: hesabu ya serkali ya mwaka 2022 ilionyesha kama 3,682. Mwaka 2006 walikuwa 1,411 tu.

Juu ya nini Ranthambore

Inchi ya India iko na hifadhi za chui-milia zaidi ya 50. Tunachagua Ranthambore, katika jimbo la Rajasthan, kwa sababu moja ya kawaida kabisa: treni. Gari la moshi linalotoka Delhi kwenda upande wa Mumbai linasimama Sawai Madhopur, na kutoka kituo hicho mpaka mulango wa hifadhi ni kilometa kumi na kitu. Kutoka Delhi ni masaa 4 mpaka 6, kulingana na treni. Kutoka Jaipur ni masaa kama 2. Hifadhi zingine nzuri, kama vile Kanha, zinaomba treni ya usiku, kisha gari ya kukodi kwa masaa mengi, na kwa mutu aliye na siku tatu tu ile haifai.

Sababu ya pili ni pori lenyewe. Ni pori kavu, lenye miti mifupi na mawe, si kama misitu yetu ya Walikale ambapo munyama anaweza kukupita kwa metre tano bila kumuona. Kuko maziwa matatu madogo ndani, Padam Talao, Rajbagh na Malik Talao, na wanyama wote wanakuja kunywa hapo. Juu ya kilima kuko ngome ya zamani ya wafalme, yenye UNESCO iliandika mwaka 2013 kati ya urizi wa dunia pamoja na ngome zingine za Rajasthan.

Zamani lilikuwa pori la kuwinda la mfalme wa Jaipur. Hata mwaka 1961, wakati malkia Elizabeth wa Uingereza alitembelea India, bwana yake Philip alipiga chui-milia moja hapo kwa bunduki. Miaka 11 kisha, India ilitoa sheria ya kukataza uwindaji, na mwaka 1973 serkali ya Indira Gandhi ilianzisha mupango wa kulinda chui-milia katika hifadhi 9 za kwanza. Ranthambore ilikuwa moja kati yao.

Chagua mwezi mbele ya kuchagua siku

Hapa njo watu wengi wanakosea. Kutoka mwezi wa saba mpaka mwezi wa kenda ni mvua kubwa, na sehemu za ndani za Ranthambore zinafungwa. Ukikata tikiti ya treni kwa mwezi wa munane, utaona otele na ngome basi, ao sehemu za pembeni tu kama ziko wazi.

Kuanzia mwezi wa kumi pori linafunguliwa na liko kijani. Mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza ni baridi, na usicheke: asubui ndani ya jipu isiyo na paa, mutu wa Goma anatetemeka kama yuko juu ya Nyiragongo. Beba koti, kofia na kitu cha kufunika masikio.

Mwezi wa ine, wa tano na mwanzo wa sita ni joto kali, linaweza kufika digri 45. Lakini ni wakati huo maji yanakauka kila pahali, na chui-milia anashinda karibu na maziwa, mara ingine analala ndani ya maji kabisa. Mwenye anataka kumuona anavumilia jua. Kwa mugonjwa ao muzee, joto hilo si la kuchezea, achague mwezi wa pili ao wa tatu.

Kartasi

Mbele ya yote, karte ya manjano. Mutu anayetoka Kongo na kuingia India bila cheti cha chanjo ya homa ya manjano anaweza kufungiwa karantini mpaka siku 6, na cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 kisha sindano. Kwa hiyo kuchanjwa siku mbili mbele ya kupanda ndege hakusaidii kitu. Karte za kununua sokoni bila sindano tunazijua sisi wote. Mwenye anabeba ile anacheza na afya yake na safari ya mugonjwa wake. Uliza pia kuhusu chanjo ya polio wakati unaomba viza.

Juu ya viza, ubalozi wa India uko Kinshasa. Viza ya matunzo, ya masomo na ya utalii si kitu kimoja, basi mwenye anajua tangu nyumbani kwamba atatembea aseme vile wakati anaomba, na asome vizuri ile karatasi anayopewa.

Nafasi ndani ya jipu

Huwezi kuingia na gari yako. Idara ya misitu ya Rajasthan inauzisha nafasi kwenye tovuti yake, kwa matembezi mawili kila siku: ya asubui na ya kisha midi, karibu masaa matatu na nusu kila moja. Kuko aina mbili za gari. Jipu ndogo inabeba watu 6, na kamio wazi, yenye wenyeji wanaita "canter", inabeba watu 20. Jipu iko bei zaidi, inapita njia ndogo, na haina kelele sana. Kamio ni ya mwenye feza kidogo, na chui-milia halipishi wa kamio kwa kujificha. Wengi wamemuona kutoka kule juu.

Mugeni wa inchi ingine analipa mingi kupita Muhindi. Ni bei ya serkali, si wizi, hata kama inauma.

Pori limegawanywa zone 10. Ya 1 mpaka 5 ni pori la ndani, na maziwa yako upande wa 3 na 4, njo maana nafasi zake zinaisha mbele, hasa kwa sikukuu za Wahindi na mwisho wa mwaka. Ya 6 mpaka 10 ziko pembeni. Usikubali mutu akuambie kama pembeni hakuna kitu. Chui-milia hasomi namba za zone.

Sasa tufike kwa makomisioneri. Karibu na kituo cha treni na ndani ya otele utakuta watu wenye wanasema wako na nafasi ya zone 3 kesho asubui. Jua kitu kimoja: ruhusa inaandikwa jina lako na namba ya pasipoti yako, na haibadilishwi kwa mutu mwingine. Kwa mulango wanalinganisha. Ruhusa yenye jina la mutu mwingine ni karatasi bule. Kama unapitia otele ao ajansi, omba karatasi yenyewe yenye jina lako mbele ya kumaliza kulipa, na siku ile beba pasipoti ya kweli, si fotokopi. Beba rupia mukononi pia, dola haina kazi pale.

Panga matembezi matatu ao ine, si moja. Ranthambore iko na chui-milia zaidi ya 60, lakini hifadhi yote ina karibu kilometa mraba 1,400, na hakuna mutu anaweza kukuahidi. Mwenye anaahidi, mukimbie.

Ndani ya pori

Muongozaji hatafuti chui-milia kwa macho kwanza, anamutafuta kwa masikio. Gari inasimama, injini inazimwa, watu wananyamaza. Swala mwenye madoa akimuona adui anapiga sauti fupi ya juu, na nyani mweusi uso anakohoa kutoka juu ya muti. Sauti hizo zikirudiliwa, dereva anawasha. Wenye wanaongea na kupigiana simu wanaharibia gari nzima bahati. Usishuke hata kidogo, usivae nguo nyekundu ao nyeupe yenye kungaa, na uulize kwa mulango kama simu inaruhusiwa ndani, juu sheria zinakazwa.

Hata bila chui-milia utaona mamba, nguruwe-pori, tausi, swala wakubwa wenye pembe, na kama bahati iko, dubu. Waongozaji watakusimulia juu ya Machli, jike aliyetawala yale maziwa, aliyepigana na mamba na kumushinda. Alikufa mwaka 2016, na serkali ilimuchoma moto kwa heshima, sawa vile Wahindi wanafanyia watu wao.

Watakusimulia kidogo zaidi juu ya vijiji. Katika miaka ya 1970, vijiji vilivyokuwa ndani ya pori vilihamishwa, na mwaka 1981 wanakijiji walipiga Fateh Singh Rathore, mukubwa wa hifadhi, karibu kumuua, juu ya malisho ya ngombe. Mutu wa Rutshuru ao wa Kahuzi-Biega hahitaji kufasiriwa hasira ile. Mwaka 2025, mutoto moja wa miaka 7 aliuawa na chui-milia kwenye njia ya hekalu la Ganesh, ambalo liko ndani ya ngome na lina waamini wengi kila siku. Ukitaka kupanda kule, uliza asubui kama njia iko wazi, tembea na wengine, na usingojee jua lishuke.

Kama uko kusini mwa India, usikimbilie Rajasthan. Wanafunzi wa Bangalore wanaweza kupitia Mysuru na kufika Bandipur ao Nagarahole siku ile ile. Pale kuko tembo wengi sana, chui-milia ni vigumu kidogo kuonekana kwa sababu pori ni zito. Na kwa wenye watachagua Kanha ao Bandhavgarh, katikati ya inchi: siku ya tatu kisha midi hifadhi zinafungwa, basi usifike siku ile ukiwa na usiku moja tu wa kulala.