Alama ya Tabia

Azimio la Musoma la Novemba 1974 hukumbukwa zaidi kwa uamuzi wa kumpeleka kila mtoto shule ifikapo 1977. Sisi tuliokuwa vyuo vya ualimu tunalikumbuka pia kwa jambo jingine: mtihani wa mwisho haukutosha tena. Kuanzia 1976 kazi na tabia navyo vikaingia katika hesabu. Nia ilikuwa njema. Mwalimu Nyerere alikwisha kusema mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba mitihani haipimi tabia wala moyo wa kutumikia.

Lakini tabia hupimwa kwa ratili gani? Katika kikao kimoja mwanachuo yule yule alipewa A ya utii na mkufunzi wa kilimo, na D na mkufunzi wa darasani. Wa kwanza alimwona akilima. Wa pili alimsikia akiuliza “kwa nini?” Tulibishana mpaka chemli ikaisha mafuta, maana D ile ingemfuata hadi kazini.

Tatizo halikuwa letu peke yetu. Huko Marekani, mwaka 1912, Starch na Elliott waliwapa walimu 142 karatasi moja ya Kiingereza waisahihishe. Alama zilitoka 64 hadi 98! Na hiyo ni kazi iliyoandikwa kwa wino, unaweza kuirudia. Uaminifu je? Hartshorne na May, waliotoa matokeo yao kuanzia 1928, waliwapa watoto majaribio, wakanakili majibu kwa siri, kisha wakawarudishia karatasi wajisahihishie wenyewe. Ikaonekana kwamba mtoto aliyedanganya katika jaribio moja, katika jingine hakudanganya.

Mwaka 1910 Spearman na Brown, kila mmoja kivyake, walionyesha kwa hesabu kuwa kipimo kikirefushwa hutegemeka zaidi. Kwa lugha yetu: usimhukumu mtu kwa siku moja.

Basi chuoni tukaacha kuandika “mtiifu”. Tukaandika tendo: amefika shambani saa kumi na mbili na nusu, amerudisha jembe. Wakufunzi wawili walitazama, kila mmoja na daftari lake, ndipo wakalinganisha. Wenzangu walinung'unika kwa wingi wa maandishi, na walikuwa na haki. Baada ya majuma matatu madaftari yote mawili yalionyesha kuwa kijana yule alichelewa mara moja tu. Kuuliza “kwa nini” hakukuwa na safu.