Kivuli cha Mtawala

Ndugu msikilizaji, Warumi wa kale walikuwa na neno moja lililofanya kazi nyingi. Neno lenyewe ni velum. Ungemwuliza baharia, angekuonyesha tanga la chombo chake. Mwenye nyumba angekuonyesha pazia la mlangoni. Dini ya Kikristo ilipoenea, mtawa angekuonyesha utaji wake. Na daktari wa leo atakufungua kinywa akuonyeshe utando laini ulio nyuma ya kaakaa. Wote ni wakweli. Kila kinachotandazwa kikafunika, neno lake ni hilo.

Lakini leo nataka tulitazame turubai. Hilo nalo liliitwa velum, na lina kisa chake.

Jua la kiangazi mjini Roma halina masihara. Watu walikaa viwanjani tangu asubuhi wakitazama watu na wanyama wakiuana, na juu yao yalitandazwa maturubai makubwa. Uwanja wa Colosseum, uliofunguliwa mwaka 80, ulikuwa na vishikizo vya mawe 240 vya kusimamishia milingoti. Kazi ya kukunjua na kukunja ilifanywa na wanamaji, maana hao ndio waliozijua kamba na matanga. Katika mji wa Pompeii, uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, kuta zilikutwa na matangazo ya michezo yenye ahadi kwamba maturubai yatakuwepo. Kivuli kilivuta watu sawa na mchezo wenyewe.

Watawala wakalijua hilo. Nero alitandaza maturubai yenye rangi ya mbingu, yamechorwa nyota. Watu wakashangilia, na kushangiliwa ndiko alikokutaka.

Sasa sikiliza habari ya Kaligula, aliyetawala tangu mwaka 37 hadi 41. Mwandishi Suetonius anasimulia kwamba, jua lilipokuwa kali kabisa, Kaisari huyo aliamuru mara nyingine turubai livutwe, kisha akapiga marufuku mtu yeyote kutoka. Umati ule ule uliokuwa ukimpigia makofi ukabaki unaungua. Hakuhitaji upanga. Alihitaji kamba tu.

Hapo ndipo penye somo, ndugu msikilizaji. Kivuli cha hisani ni kivuli cha kuazima. Aliyekupa bila ya kuwa haki yako, atakunyang'anya bila ya kukuomba radhi. Mti ulioupanda mwenyewe hakuna wa kuukunja.

Neno hilo halikuishia viwanjani. Biblia ya Kilatini iliita velum pazia la hekalu lililopasuka. Wafaransa wamelirithi kwa sura moja yenye maana mbili, tanga na utaji. Na kutoka kwake likazaliwa tendo revelare, yaani kuondoa kifuniko. Sisi nasi tuna kufunua, na humo tukapata Ufunuo. Hata ukitamka ng'ombe, sauti ya kwanza inatokea pale ulimi unapogusa utando ule wa nyuma ya kinywa.

Basi kitambaa hakina kosa. Hicho hicho husafirisha jahazi, hukinga jua, huhifadhi heshima na huficha maovu. Kabla hatujakisifu kivuli, tuulize kwanza: kamba ameishika nani?

Hadi juma lijalo, kwaherini.