Meli iliyozamishwa ikarudi kubeba wakimbizi

Watu wa Niemba wanaijua vizuri njia ya reli inayotoka Kabalo kwenda Kalemie. Mwaka wa 1915, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, ilipitisha vyombo viwili vidogo vya vita vya Waingereza, Mimi na Toutou, vikielekea Ziwa Tanganyika. Kalemie wakati ule iliitwa Lukuga. Adui walikuwa Wajerumani, waliotawala ng'ambo, upande wa Kigoma.

Meli yao kubwa iliitwa Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa na kuletwa vipande vipande kwa bahari na kwa reli, kisha ikaungwa Kigoma mwaka huo wa 1915. Wakaiwekea mizinga. Mmoja ulitoka kwenye Königsberg, meli ya vita iliyoangamia katika mto Rufiji.

Mwezi wa saba 1916, jeshi la Wabelgiji lilipokaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza mafundi wao walizipaka mashine mafuta mazito ili zisiliwe na kutu, maana walitumaini kuja kuichukua siku moja. Hawakuja. Ni Waingereza walioiopoa mwaka wa 1924, wakakuta mashine bado zinafaa. Mwaka wa 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe. Mizinga haikuwako tena; ikabeba abiria na mizigo.

Mwaka wa 1997, baada ya Mobutu kuanguka, shirika la UNHCR liliitumia kuwarudisha Kongo wakimbizi zaidi ya 75.000 waliokuwa Tanzania. Mwaka wa 2015 ikawachukua Warundi waliokwama Kagunga, ikawafikisha Kigoma.

Mafuta yale yalipakwa na watu waliokuwa wanakimbia. Jamaa nyingi za Tanganyika zinaijua hali hiyo: kuondoka kwa haraka, huku mtu akifunga cherehani kwa nailoni au kufukia sufuria na jembe, bila kujua kama atavikuta. Pengine mwenyewe atarudi, pengine hapana. Lakini chombo kilichohifadhiwa vizuri bado kina kazi mbele yake. Wajerumani hawakupanda tena meli yao. Maelfu ya Wakongomani waliipanda, ikawarudisha kwao.