Padi iliyokataa kuingia: Historia ya kifaa kidogo na majina yake

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa Hulugho na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa Kiswahili huko kusini-mashariki mwa Kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia. Jioni moja alinipeleka kwenye kibanda cha mabati kando ya soko, ambako kijana mmoja alikuwa na televisheni, jenereta na mashine ya PlayStation 2 iliyochakaa. Kazi yake ilikuwa kuwachezesha wenzake gemu za kandanda, shilingi 20 kwa kila mechi. Siku hiyo jenereta ilikuwa kimya. Padi moja kati ya mbili ilikuwa imekufa, na mechi ya mtu mmoja hailipi petroli.

Si kwamba hakuwa na padi nyingine. Alikuwa nayo mkononi, mpya, ingali kwenye mfuko wa plastiki. Binamu yake aliinunua Garissa mjini na kuipakia kwenye gari la mizigo, ikafika baada ya siku tatu kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu barabara.

“Adeer, wewe ni mtu wa vitabu,” aliniambia. Adeer kwa Kisomali ni amu, na ndivyo vijana wa huko wanavyomwita mtu wa umri wangu kwa heshima. “Niambie, kwa nini hii haiingii?”

Niliitazama. Kichwa cha waya wake kilikuwa na matundu tisa katika safu mbili, matano juu na manne chini. Tundu la mashine lilikuwa pana, na pini zake zilipangwa tatu tatu katika mstari mmoja. Ukizihesabu, nazo ni tisa! Tisa kwa tisa, na bado haziingiliani. Nilimuuliza alimwambia nini binamu yake kwenye simu. “Nilimwambia anitumie kontrola ya gemu.” Binamu alifanya hasa alichoambiwa.

Ili kuelewa mkasa huo, yafaa turudi nyuma hadi 1977, mwaka ambao kampuni ya Atari huko Marekani ilitoa mashine yake maarufu ya kuchezea gemu nyumbani. Padi zake (wakati huo zilikuwa vijiti vilivyosimama juu ya kibao) zilichomekwa kwa kichwa cha matundu tisa. Mpango wa ndani ulikuwa rahisi: kila upande wa kijiti na kila kitufe kilikuwa na waya wake. Kampuni nyingine zikaiga. Kompyuta ya Commodore 64 ya 1982 ilitumia kichwa hicho hicho, na Sega nayo ikakifuata. Kwa miaka michache ungeweza kuchomoa kijiti cha mashine hii na kukichomeka kwenye ile, kikafanya kazi. Hata Mega Drive ya Sega, iliyotoka 1988, ingali inakubali kijiti cha Atari kwa kiasi fulani: utakwenda juu, chini, kushoto na kulia, nacho kitufe kimoja kitaitika.

Nintendo walishika njia yao. Famicom, mashine waliyoitoa Japani Julai 1983, ilikuwa na padi mbili zilizoungwa moja kwa moja ndani ya mashine ili kupunguza gharama. Waya ukikatika, sharti ufungue mashine nzima kwa bisibisi. Padi ya pili haikuwa na kitufe cha kuanzisha mchezo. Mahali pake paliwekwa kipaza sauti kidogo. Kwa hiyo mchezaji wa pili hakuwa na mamlaka ya kuanzisha gemu wala kuisimamisha. Alisubiri.

Tofauti kubwa zaidi ilikuwa ndani ya waya. Padi ya Nintendo ilikuwa na vitufe vinane, lakini haikuwa na waya wa kila kitufe. Habari za vitufe vyote zilipita kwenye waya mmoja, moja baada ya nyingine, kwa kasi isiyoonekana. Fikiria shule mbili. Katika moja, kila mwanafunzi ana mlango wake wa kutokea. Katika nyingine, wanafunzi wanane wanapanga foleni kwenye mlango mmoja na bawabu anawaita kwa zamu. Ukimpeleka bawabu huyo kwenye shule ya kwanza, hatajua asimame mlango upi.

Kisha zikaja nakala. Viwanda vya Asia viliiga Famicom kwa wingi na kuiuza kwa majina chungu nzima: Micro Genius hapa, Dendy kule Urusi, Pegasus kule Poland. Watengenezaji wa nyingi kati ya nakala hizo waliachana na waya uliofungwa ndani, wakachukua kichwa cha matundu tisa kinachofanana kabisa na kile cha Atari na Sega. Mdomo ukawa wa Atari, ulimi ukabaki wa Nintendo. Padi ya Sega ilizama vizuri kwenye tundu la mashine hizo, ikatulia, na isifanye lolote.

Hayo nayajua kwa mfuko wangu. Mapema miaka ya 1990, wakimbizi na wafanyabiashara Wasomali walipovigeuza vyumba vya kulala vya Garissa Lodge, mtaani Eastleigh, Nairobi, kuwa maduka, vifaa vya umeme kutoka Dubai vilishuka bei hata mwalimu wa chuo akathubutu kuuliza. Nikawanunulia wanangu mashine moja ya aina hiyo. Nyumbani tuliiita “tivii gemu”. Haukupita muda padi ya kwanza ikafa. Nikawaambia waichomoe na kuchomeka ya pili mahali pake, nikijiona fundi kweli. Padi ya pili, kama ile ya Famicom, haikuwa na kitufe cha kuanzisha. Gemu ilibaki kwenye ukurasa wa kwanza ikipiga muziki wake jioni nzima, na wanangu wakinitazama. Nilirudi Eastleigh mara tatu kutafuta padi, na mara mbili kati ya hizo nilibeba isiyofaa.

Sony walipoingia sokoni Desemba 1994 na PlayStation, walileta tundu lao wenyewe, lile la pini tatu tatu. Angalau hawakulibadilisha walipotoa PlayStation 2 mwaka wa 2000. Padi ya zamani iliingia kwenye mashine mpya, ingawa si kila gemu iliikubali. Kuna hata gemu iliyoufanya usumbufu huu kuwa sehemu ya hadithi. Katika Metal Gear Solid, iliyotoka 1998, kuna adui anayejidai kusoma mawazo yako na kukwepa kila pigo. Mojawapo ya njia za kumshinda ni kuinuka ulipoketi, kuchomoa padi kwenye tundu la kwanza na kuichomeka kwenye la pili. Hapo hawezi tena “kukusoma”. Sijui utanzu mwingine wa fasihi unaomdai hadhira ainuke na kuhamisha waya.

Sasa turudi kwenye lugha. Kitendo chenyewe Kiswahili kinakimudu bila jasho. Tuna chomeka na chomoa, jozi iliyojengwa kwa mnyambuliko wetu wa kutendua, sawa na ziba na zibua au funga na fungua. Hakuna haja ya kukopa chochote. Shida iko kwenye nomino.

Lugha nyingi zilipokipa kifaa hiki jina, zilitazama mkono. Mwarabu wa Ghuba hukiita yad, yaani mkono wenyewe, na Mmisri hukiita dhiraa, mkono mzima hadi begani. Mfaransa husema manette, neno lililotokana na main, mkono. Vijana wetu wamekopa “padi” na “kontrola” kutoka Kiingereza. Sisi wa vyuoni, tukiulizwa, tutajibu “kidhibiti”, na tutajisikia vizuri. Ni neno safi kimofolojia. Lakini hebu nenda dukani ukaombe kidhibiti cha gemu uone utakavyotazamwa. Tulipitia njia hii na tarakilishi na ngamizi, tukabishana makongamanoni miaka na mikaka, na watu wakaendelea kununua kompyuta.

Mimi naafiki “padi” ibaki. Hata hivyo, ugomvi wa padi na kidhibiti haungemsaidia kijana wa Hulugho hata kidogo. Angemwambia binamu yake “nitumie kidhibiti”, angeletewa kifaa kile kile. Neno alilolikosa ni la ncha ya waya, mahali kifaa kinapokutana na mashine. Hapo wanaleksikografia hatujapagusa sana. Soko limepagusa. Nokia walipopunguza unene wa kichwa cha chaja katikati ya miaka ya 2000, hakuna kamati iliyokaa. Katika muda mfupi kila mwenye duka alikuwa akikuuliza: pini nene au pini ndogo? Maneno mawili tu, na hakuna aliyerudi nyumbani na chaja isiyoingia. Chaja ilihitajiwa na kila mtu, bibi na mjukuu, kwa hiyo istilahi yake ilipevuka haraka. Padi ilihitajiwa na watoto, na nani humuuliza mtoto istilahi?

Nilimweleza kijana yule habari za Atari na Nintendo, naye akasikiliza kwa adabu. Nilipomaliza akasema, “Kwa hiyo niseme ya mdomo wa tatu tatu.” Nikamwambia hilo latosha.

Padi ya matundu tisa haikuwa na la kufanya ikarudishwa mfukoni. Ile iliyokufa aliifungua kwa kisu, akakuta waya umekatika ndani ya ngozi yake, kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye kichwa. Akaukata pande zote mbili za jeraha, akazimenya nyaya ndogo na kuziunga rangi kwa rangi, akafunga kwa utepe mweusi. Jenereta ikawashwa. Waya ulikuwa umepungua, kwa hiyo mchezaji wa pili alilazimika kukaa magoti yakigusa televisheni. Kabla ya saa mbili usiku, watoto wanane walikuwa wakingoja zamu, kila mmoja akiomba asipewe hiyo.