Kituo Kinachoisoma Mvua: Miaka 35 ya ICPAC, 1989–2024

Alasiri, upepo unaotoka Ziwa Victoria hupanda milima ya Gusii na kukutana na ule wa mashariki. Mtu wa Keumbu, kwenye barabara ya Kisii kwenda Keroka, akiona wingu linajikusanya huanua mahindi yake. Kulijua wingu hilo siku kadhaa kabla ni kazi ya kituo kilichozaliwa na ukame.

Ukame wa miaka ya 1980 uliziacha serikali za kanda zikihesabu vifo. Mwaka 1989, nchi 24 za Mashariki na Kusini mwa Afrika zilianzisha Kituo cha Kufuatilia Ukame jijini Nairobi. Tangu 1998, wataalamu wa kanda hukutana kabla ya msimu wa mvua na kutoka na utabiri mmoja. Mwaka 2003 kituo kiliingia chini ya IGAD, jumuiya ya nchi za kanda, na kuitwa ICPAC. Leo makao yake yako Ngong, Kajiado, na kinahudumia nchi 11.

Kompyuta zake zenye nguvu huigawa anga katika visanduku, kisha hukokotoa joto, upepo na unyevu wa kila kimoja. Kisanduku chenye upana wa kilomita 50 huimeza Kisii, Keumbu na Keroka kwa pamoja. Milima yote husawazishwa ikawa uwanda. Ukipunguza upana huo kwa nusu, hesabu huongezeka takriban mara nane. Hapo ndipo mashine ya kawaida husalimu amri.

Umbo la ardhi lina uzito wake hata kwa afya. Mwaka 2014, Andrew Githeko wa Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kenya (KEMRI), Profesa Laban Ogallo, aliyekiongoza kituo kwa miaka mingi, na wenzao walichapisha modeli za kubashiri mlipuko wa malaria katika nyanda za juu kwa kutumia joto na mvua. Modeli hizo zilitofautisha mabonde: katika bonde jembamba maji hukimbia, katika bonde pana hutuama, na mbu huzaliana. Ogallo alifariki 2020.

Sasa kituo, pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kinatumia akili unde kusahihisha utabiri wa mvua nchini Kenya na Ethiopia. Kuifunza programu hiyo kunadai mashine kubwa. Ikishafuzu, huweza kuendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida.

Lakini utabiri wowote, hata uwe umetolewa na mashine gani, hukumu yake iko kwenye kipimamvua. Saa tatu asubuhi mtu huinama, husoma milimita zilizojikusanya tangu jana, huandika, kisha humwaga maji na kukirudisha mahali pake.