Thaler

Thaler ni sarafu kubwa ya fedha kutoka Ulaya. Jina lake ni ufupisho wa neno la Kijerumani Joachimsthaler, lililoundwa kwa Joachim, yaani Mtakatifu Yoakimu, baba yake Bikira Maria, Thal, bonde, na kiambishi -er, chenye maana ya "-a" ya mahali kitokako kitu. Sankt Joachimsthal ulikuwa mji wa machimbo huko Bohemia. Leo unaitwa Jáchymov, nchini Ucheki. Makabaila wa ukoo wa Schlick walianza kupiga sarafu kwa fedha ya mji huo karibu na mwaka 1520. Jina lilikuwa refu mno kwa watu wa sokoni, wakalikata kichwa: Yoakimu akaondoka, ikabaki "ya bondeni" tu.

Iliyoenea Bahari ya Shamu ni thaler ya Maria Theresa, mtawala wa Austria. Alifariki mwaka 1780, na tangu hapo kila sarafu mpya huandikwa mwaka huohuo. Ina uzito wa gramu 28 hivi. Ilitumika kununulia kahawa ya Yemen, ikazoeleka Hijazi na Uhabeshi. Waarabu waliiita riyal fransi, riyali ya Kifaransa, ingawa Ufaransa haikuhusika. Na riyali nalo ni neno la Kihispania, real. Sarafu ya Kijerumani ilivaa nguo za watu wawili. Mwaka 1928 utawala wa Mfalme Abdulaziz, mwanzilishi wa Saudi Arabia, ulitoa riyali yake ya fedha, na jina hilo ndilo linalotajwa hadi leo katika maduka ya Sharafiya, Jeddah.

Zanzibar nako pesa zilihesabiwa kwa reale, na mwaka 1882 Sultani Barghash alitoa ya kwake. Lakini neno la bondeni lenyewe lilifika pwani kwa mzunguko: Waholanzi walisema daler, Waingereza dollar, Waswahili dala. Tanzania dala ikawa shilingi tano. Mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa Dar es Salaam mwaka 1983, nauli ilikuwa hiyo, makondakta wakainadi, na gari likaitwa daladala.

Hela ina asili ya namna hiyo. Ilitokana na Heller, pesa ya mji wa Hall, na mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia ya koloni lao la Afrika Mashariki katika heller 100.

Thaler ya Maria Theresa bado hupigwa Vienna, ikiwa na mwaka 1780.