Kumpokea Kijana Anayerejea: Funzo la Historia

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, usiku huu tuzungumze habari ya vijana wetu walioingia katika unga na sasa wanatafuta njia ya kurudi. Hapa Doha wamo miongoni mwetu wanaotuma fedha Unguja, Mombasa au Tanga kwa ajili ya kijana wa namna hiyo. Historia itatuonesha wajibu wetu.

Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa habari ya sahaba mmoja aliyekuwa akimchekesha Mtume (S.A.W.), naye akaletwa mara kwa mara kuadhibiwa kwa ulevi. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume akakataza, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Zingatieni: adhabu haikufutwa, lakini undugu nao haukukatwa.

Sasa tuitazame pwani yetu. Heroini ilianza kuenea huko katika miaka ya 1980. Mwanzoni wengi waliivuta. Karibu na mwaka 2000 ulipozagaa unga mweupe unaoyeyuka kwa urahisi, wengi wakahamia sindano, na kuchangia sindano kukaleta VVU na homa ya ini. Jamii ikawaita mateja, na jina hilo likawaganda hata walioacha.

Hata hivyo, walikuwapo walioinuka. Malindi, Mradi wa Omari ulianza mwaka 1995. Zanzibar, mwaka 2009 ilifunguliwa Detroit, nyumba ya upataji nafuu iliyoanzishwa na vijana waliokwisha kutoka katika unga wao wenyewe. Katika nyumba kama hizo kijana hukaa miezi kadhaa, mbali na maskani ya wavutaji, akiongozwa na mwenzake anayeijua arosto kwa mwili wake na si kwa kusimuliwa. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ikaanza kutoa methadoni, na mwaka 2015 huduma hiyo ikafika Kidongo Chekundu, Unguja.

Wengine huuliza: je, huku si kubadilisha kileo kwa kileo? La. Methadoni hunywewa mbele ya mhudumu kwa kipimo cha daktari. Hufanya kazi polepole, huondoa arosto, na kipimo kikiwa sawa hakimleweshi mtu. Siku yake huwa huru, haiishi katika kusaka kete. Basi tusimwamuru aiache kwa sababu ya Ramadhani. Saa za dawa na saumu yake azizungumze na daktari wake.

Ndugu zangu, nyumba ya nafuu ina mlango wa kuingia na mlango wa kutoka, na hatari kubwa iko kwenye huu wa pili. Aliyekaa miezi bila unga, mwili wake umepoteza uzoefu. Akirudi kwenye kipimo cha zamani, huenda kikamuua. Arudipo mtaani akakuta jina lile lile, hana kazi, na nyumbani pochi zinafichwa akiingia, wa kumpokea ni maskani.

Kwa hiyo nakuusieni mambo matatu. Kwanza, msaada wenu, na zaka pia akiwa fakiri, uende kwa idhini yake kwenye ada ya nyumba au vifaa vya kazi, badala ya fedha mkononi. Pili, mpigieni simu, mwiteni kwa jina alilopewa na wazazi wake. Tatu, msifanye haraka kumleta huku Ghuba mkidhani viza ni dawa. Huku hatakuwa na wenzake wa nafuu, atakuwa mpweke, na sheria ni kali. Akiteleza tena, mshikeni tena, kwani mlango wa toba haujafungwa.

Ewe Mola wetu, wathibitishe vijana wetu, uwape subira wazazi wao, na utujaalie tuwe daraja lao la kurudi. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.